Vifaranga walifika wazima, wakafa siku ya tatu: mwongozo kamili wa kusafirisha samaki hai Arusha na Moshi

Lalamiko la wafugaji ni lilelile. Vifaranga wamefika Tengeru au Kahe wakiogelea vizuri, mfuko umepasuliwa ukingoni mwa bwawa, wote wamemwagwa humo. Kesho yake wachache wanaelea. Siku ya tatu mizoga inaokotwa kwa ndoo, na muuzaji anapigiwa simu kuulizwa kwa nini ameuza samaki wagonjwa.

Mara nyingi hawakuwa wagonjwa. Walipakiwa matumbo yakiwa yamejaa, au walitolewa kwenye maji ya aina moja na kutupwa kwenye maji ya aina nyingine ndani ya dakika mbili. Barabara huua wachache. Wengi huuawa na mikono iliyopo mwanzo na mwisho wa safari.

Hatua zilizo hapa ni za vifaranga vya sato na perege wa gramu 1 hadi 5. Kambale na samaki wakubwa wana sehemu yao mwishoni, kwa sababu hawasafirishwi kwa kanuni hizihizi.

## Vifaa: viwe mkononi kabla ya kupiga simu ya oda

Kiasi hiki kinatosha vifaranga 1,000 wa gramu 1 kwa safari isiyozidi saa 6:

- Mifuko 10 ya nailoni nzito, upana sm 50, urefu sm 90. Minne ya ndani, minne ya nje, miwili ya akiba.
- Rababendi nene, au vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Hivi vya pili havikatiki ovyo.
- Mtungi wa oksijeni wenye regulata (kifaa cha kudhibiti gesi inayotoka) na mpira mwembamba wa mita 2.
- Chumvi nusu kilo.
- Kipimajoto cha maji na karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji).
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Maboksi magumu manne, magunia mawili ya kulowesha.
- Kimia laini cha mkono, beseni la lita 40 au zaidi, ndoo mbili.
- Madumu mawili ya lita 20, matupu na masafi. Utayajaza maji ya kituoni, yaani kule kwa muuzaji wa vifaranga. Wengi huyaacha nyumbani, na ndiyo yatakayookoa samaki wako.
- Kizimba kidogo cha neti (hapa), mita 1 kwa 1 kwa 1, cha kutega ndani ya bwawa.

Oksijeni hupatikana kwa wanaouza gesi za kuchomelea vyuma. Mafundi hutumia mitungi miwili pamoja, wa oksijeni na wa asetilini, kwa hiyo hakikisha umepewa wa oksijeni. Usipake grisi wala mafuta kwenye regulata, na asivute mtu sigara karibu: mafuta yakikutana na oksijeni ya mtungi yanaweza kuwaka.

Wapo wanaoogopa nailoni kwa sababu ya marufuku ya 2019. Marufuku ile ililenga mifuko ya kubebea bidhaa, na vifungashio vya kilimo havikuwa humo. Karatasi inayokuhusu zaidi ni kibali cha kusafirisha samaki hai: ongea na afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kuagiza, kisha nakala ikae kwa dereva.

## Hatua ya 1: Lijaribu bwawa kabla ya kulipa

Siku mbili kabla ya safari, weka samaki 10 hadi 20 kwenye hapa ndani ya bwawa lako. Wakiwa hai na wachangamfu baada ya saa 24, maji yanafaa. Wakifa, umepoteza 10 badala ya 1,000.

Pima pH na joto saa 3 asubuhi, uandike. Mpigie muuzaji simu na yeye apime maji yake saa hiyohiyo. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa ukanda wetu. Maji mengi yanayotoka upande wa Mlima Meru, Maji ya Chai ikiwemo, yana floridi nyingi na huelekea kuwa na alkali, wakati chemchemi za upande wa Kilimanjaro zina tabia nyingine. Mabwawa mawili yaliyo umbali wa saa moja kwa gari yanaweza kutofautiana pH kwa zaidi ya 1, na hiyo inatosha kuua.

Joto nalo lina maneno. Ngaramtoni, Marangu au Kibosho ya juu, kati ya Juni na Agosti maji ya bwawa hushuka chini ya nyuzi 20. Kifaranga aliyelelewa kwenye nyuzi 27 akitumbukizwa humo haogelei, anazama. Kwa sehemu za juu, subiri Septemba. Kama huwezi kusubiri, mwambie muuzaji aanze kuwashusha joto taratibu siku mbili kabla.

Umefaulu kama: samaki wa majaribio wako hai, na una namba nne kwenye karatasi: pH na joto la kule, pH na joto la kwako.

## Hatua ya 2: Wafunge kula

Vifaranga wasile kwa saa 24 kabla ya kupakiwa. Wakubwa wa gramu 50 na kuendelea, saa 48. Kwenye maji baridi ongeza nusu siku, kwa sababu mmeng'enyo huwa wa polepole.

Sababu ni mbili. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi, na kinyesi chake huchafua mfuko na kuongeza amonia, taka ya samaki inayoweza kugeuka sumu. Wakae kwenye maji safi yanayotembea au kwenye hapa, maana kwenye bwawa la udongo huendelea kula kijani hata usipowatupia chakula.

Usikubali kuvuliwa samaki bwawani mbele yako na kufungiwa papo hapo. Ni kosa lililozoeleka kuliko yote, na muuzaji hulifanya kwa nia njema kabisa, ili mteja asisubiri.

Umefaulu kama: kwenye beseni jeupe lenye maji safi, baada ya dakika 15 huoni nyuzi za kinyesi chini.

## Hatua ya 3: Maji ya safari

Tumia maji safi ya kituoni yaliyochujwa, yasiyo na kijani wala matope. Mwani hupumua oksijeni gizani kama samaki wenyewe. Maji ya bomba ya mjini yana klorini. Kama hakuna mengine, yakae wazi saa 24 hadi 48 huku yakikorogwa mara kwa mara.

Joto liwe kati ya nyuzi 22 na 25. Weka chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani vijiko 3 hadi 4 vya chai kwa mfuko wenye lita 8. Chumvi hupunguza nguvu ambayo samaki anatumia kulinda chumvi za mwili wake na humsaidia kurudisha ute uliochubuliwa na kimia. Usizidishe kwa kudhani unamtibu.

Jaza na yale madumu mawili sasa, bila chumvi, uyafunge.

## Hatua ya 4: Idadi kwa mfuko

Pima samaki 100 kwenye ndoo yenye maji, toa uzito wa ndoo na maji, gawanya kwa 100. Usikadirie kwa macho: kifaranga wa gramu 2 anafanana sana na wa gramu 1, lakini mzigo wa mfuko umekuwa maradufu.

Kwa mfuko wenye maji lita 8 na oksijeni, samaki wa gramu 1:

- Safari hadi saa 3: samaki 400
- Hadi saa 6: samaki 300
- Hadi saa 12: samaki 200
- Usiku mzima hadi saa 24: samaki 120 hadi 150

Kwa wa gramu 5, gawanya kwa 5 kisha unaweza kuongeza robo. Kwa saa 6, basi, ni kama 75. Kuanzia ukubwa huo miiba ya mgongoni hutoboa nailoni, na ndiyo maana mfuko wa pili si anasa.

Hesabu muda tangu mfuko unapofungwa hadi unapofunguliwa. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, lakini ongeza kumsubiri dereva, foleni ya kuingia mjini na njia ya vumbi ya kwenda shambani. Safari ya saa mbili ifungie mfuko wa saa sita.

## Hatua ya 5: Kufunga mfuko

1. Ingiza mfuko mmoja ndani ya mwingine. Funga pembe mbili za chini kwa rababendi ili kitako kiwe cha mviringo. Pembe ikiachwa wazi, vifaranga hujibana humo na kufa kwa kukosa hewa huku katikati ya mfuko oksijeni imejaa.

2. Mimina lita 8. Inua mfuko, ukague kama unavuja kabla samaki hawajaingia.

3. Ingiza samaki kwa bakuli lenye maji badala ya kimia kikavu. Kila mguso mkavu huondoa ute, na mahali palipokosa ute ndipo kuvu atakapoota siku ya tatu.

4. Kamua hewa yote ya kawaida kwa kushusha nailoni hadi iguse maji. Ukiiacha hewa hiyo, oksijeni unayoweka juu yake imechakachuliwa.

5. Zamisha ncha ya mpira ndani ya maji, fungua regulata kidogo. Jaza hadi oksijeni iwe mara mbili ya maji au zaidi kidogo.

6. Chomoa mpira, songoa shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, ifunge kwa nguvu. Rudia kwa mfuko wa nje peke yake. Usifunge yote miwili kwa fundo moja.

Mwinuko nao unaingia hapa. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Arusha ni mita 1,400 hivi. Oksijeni iliyofungwa Moshi hutanuka kwa asilimia 7 hivi ikifika Arusha, na iliyofungwa Dar es Salaam hutanuka karibu moja ya sita. Mfuko uliokazwa kama mpira wa miguu kule pwani utafunguka fundo au kupasuka kabla ya Usa River. Kama mzigo unapanda, ubonyeze kwa kidole gumba: kidole kizame kidogo, nailoni irudi polepole. Kama unashuka, kaza zaidi.

Tuseme na hili, kwa sababu linabadilisha namna ya kupokea mzigo. Mfuko wa lita 8 uliojazwa vizuri una oksijeni ya kuwatosha vifaranga 300 kwa zaidi ya siku nzima. Kinachopanda humo ndani ni hewa ya ukaa wanayoitoa na amonia kutoka mwilini mwao. Hewa ya ukaa hushusha pH ya maji, na pH ikiwa chini, amonia nyingi hubaki katika hali isiyo na sumu kali. Mradi mfuko umefungwa, samaki ana ulinzi wa namna fulani. Kasheshe huanza unapofungua.

Umefaulu kama: mfuko uliolazwa hauvuji, samaki wametawanyika maji yote, hawajakusanyika juu wakihema.

## Hatua ya 6: Barabarani

Laza mfuko ndani ya boksi, usiusimamishe. Ukilala, uso wa maji unaokutana na oksijeni huwa mpana. Boksi moja mfuko mmoja, funika kwa gunia bichi. Giza huwatuliza.

Ondoka saa 11 alfajiri au baada ya jua kuzama. Januari na Februari upande wa Moshi, weka chupa ya nusu lita ya maji yaliyogandishwa, izungushie gazeti, ikae kati ya boksi na mfuko. Barafu isigusane na nailoni, na isiingie majini kamwe.

Kwenye basi, kataa buti iliyo karibu na injini. Kwenye kirikuu au pikapu, boksi lisikae juu ya bati tupu lililopigwa na jua; tandika gunia. Mtungi, kama unasafiri nao, ufungwe usibingirike.

Mtikisiko wa gari una faida, kwani ndio unaochanganya oksijeni na maji. Gari likisimama zaidi ya nusu saa, geuza kila mfuko polepole mara chache.

Ukiona wanahema juu, usifungue mfuko kupulizia kwa mdomo. Utapoteza oksijeni na kuwapa pumzi uliyokwisha kuitumia. Geuza mfuko mara nyingi zaidi na umhimize dereva. Kama mtungi upo, fungua, kamua, jaza upya.

## Hatua ya 7: Kupokea

Fika kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Alfajiri bwawa lina oksijeni kidogo kuliko saa zote. Alasiri oksijeni ipo tele, lakini bwawa la kijani huwa na pH kubwa mno, wakati mwingine zaidi ya 9. Asubuhi jua likishapanda kidogo ndiyo nafuu kati ya hizo mbili.

Kwanza, joto. Elea mifuko yote bwawani, imefungwa, kivulini, dakika 20 hadi 30. Jua likipiga nailoni, mfuko huchemka kama kitalu nyumba cha nyanya, kwa hiyo funika kwa gunia bichi. Tofauti ya joto ikizidi nyuzi 3, ongeza muda. Hesabu nyuzi 1 kwa dakika 5 hadi 10.

Pili, aina ya maji. Hapa ndipo penye vifo vya siku ya tatu. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa hutoroka na pH hupanda. Ukiongeza maji ya alkali ya bwawa lako, hupanda zaidi. Amonia iliyokuwa imetulia hugeuka sumu: kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, kwenye 8 ni kama asilimia 5, kwenye 9 ni karibu theluthi. Anayefungua mfuko mchafu na kuuongezea maji kikombe kimojakimoja kwa saa nzima, akidhani anawazoesha, anawachoma matamvua (mashavu wanayopumulia) taratibu.

Kama safari haikuzidi saa 4 na tofauti ya pH haifiki 1: fungua mfuko, ongeza lita 2 za maji ya bwawa kila dakika 4 kwa dakika 12 hadi 15, kisha waachie.

Kama safari ilikuwa ndefu au pH inatofautiana kwa 1 na zaidi, tumia madumu:

1. Mimina kwenye beseni lita 10 za maji ya dumu na lita 10 za bwawa. Joto la beseni lilingane na la mfuko.
2. Fungua mfuko mmoja tu. Mingine ibaki imefungwa, inaelea.
3. Hamisha samaki mara moja kwa kimia kilicholowa. Maji ya mfuko mwaga nchi kavu, mbali na bwawa. Huna haja ya kuingiza amonia na vimelea vya kituo kingine kwako.
4. Ongeza maji ya bwawa lita 5 kila dakika 5 hadi beseni lifike lita 40. Mimina kutoka juu ili yatoe mapovu.
5. Zamisha ukingo wa beseni, waache watoke wenyewe. Chukua samaki 50 uwaweke kwenye hapa.
6. Fungua mfuko wa pili, anza upya na maji mapya.

Lita 40 za madumu zinatosha mifuko minne, kumi kila mmoja.

Umefaulu kama: wanatoka kwa kundi na kushuka chini ndani ya dakika chache. Wanaobaki ukingoni wakizunguka bila mwelekeo, wahesabu. Wengi wao hawatafika jioni.

Waliosalia au waliozidi wasiachiwe mtoni wala mfereji wa umwagiliaji. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, akiwemo wa Ziwa Jipe, na sato wa mabwawani huzaana nao.

## Hatua ya 8: Siku 5 za kwanza

Usilishe kwa saa 24. Siku ya pili anza na nusu ya kiwango. Kwa samaki wa gramu 1, kiwango kamili ni kama asilimia 10 ya uzito wao kwa siku, hivyo samaki 1,000 watakula gramu 50 siku hiyo ya pili, ikigawanywa mara tatu.

Hesabu mizoga kwenye hapa, maana bwawani mingi huzama au kuliwa na ndege. Wakifa 2 kati ya 50 kwa siku tatu, ni kawaida. Wakifa 10, soma dalili:

- Ndani ya saa 12, mdomo wazi na mashavu yamefunguka: oksijeni iliwaishia, mfukoni au bwawani.
- Siku ya 1 hadi ya 3, hawana jeraha, walikuwa wanazunguka au kulala ubavu: mshtuko wa joto, pH au amonia. Rudi hatua ya 7.
- Siku ya 3 hadi ya 5, pamba nyeupe mwilini au mkia umelika: walichubuliwa wakati wa kuvua na kuhesabu.

Wenye pamba nyeupe waogeshe kwenye gramu 10 za chumvi kwa lita, dakika 10, ukiwa umesimama hapo. Anayepinduka atolewe papo hapo. Antibiotiki za kuku zibaki kwa kuku.

## Kambale

Kambale akishakuwa na gramu kadhaa huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo anahitaji nafasi ya kupanda kuliko anavyohitaji mtungi. Tumia dumu lililokatwa juu au jaba, maji yasizidi nusu, kifuniko chenye matundu kifungwe kwa kamba, kwa sababu huruka. Kwa safari ya saa 4, kilo 1 kwa lita 10 za maji ni salama. Wadogo wa chini ya gramu 1 wafungie kwenye mifuko kama sato.

Wachambue kwa ukubwa kabla ya kupakia. Aliye mkubwa mara mbili ya mwenzake atamla njiani.

## Sato wakubwa wanaokwenda sokoni wakiwa hai

Simtank ya lita 500 ikijaa ni nusu tani, hivyo kirikuu haiwezi. Tafuta pikapu au Canter. Jaza karibu na mdomo, kwani tangi lenye nusu ya maji huwagonga samaki ukutani kila gari linapofunga breki.

Kwa pampu za hewa za betri, kilo 25 za samaki kwa tangi hilo, saa 3 zisizidi. Kwa oksijeni inayopita kwenye mawe ya mapovu, kilo 50. Washa pampu nusu saa kabla ya kupakia, uwe na ya akiba yenye betri yake. Ukifika soko la Kilombero au Soko Kuu, Arusha mjini, usiwaongezee maji ya bomba: beba madumu ya maji ya bwawani, na kila wanapohema juu, toa ndoo mbili za maji ya tangi kwa chini, rudisha ndoo mbili za dumu.